Lewis Fry Richardson: Mtu Aliyetaka Kuihesabu Mvua Kabla Haijanyesha

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wanafunzi wengi wa shule yetu wanajua majina ya Newton na Einstein, lakini ni wachache waliopata kusikia habari za Bwana Lewis Fry Richardson. Walakini kila anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku anakula matunda ya mti alioupanda yeye. Tena wale wanaosoma elimu ya kompyuta wanamheshimu kwa sababu nyingine. Miaka mingi kabla ya kompyuta kutengenezwa, alieleza namna kazi moja kubwa inavyoweza kugawiwa maelfu ya wafanyaji kwa wakati mmoja, ikamalizika kwa saa iliyowekwa. Mwalimu wetu wa fizikia alitudokezea habari zake muhula huu, nami nikazitafuta zaidi.

Richardson alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 katika mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini ya Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika watoto saba. Baba yake, Bwana David Richardson, alikuwa na kazi ya kutengeneza ngozi. Jamaa hao walikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale waitwao Quaker, ambao tangu zamani wanakataa kushika silaha. Kanisa hilo si geni kwetu Afrika ya Mashariki, maana wamisionari wake walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka wa 1902, na wafuasi wake huko ni wengi sana. Msomaji na alishike jambo hili la kukataa silaha, kwa kuwa ndilo lililoamua mengi katika maisha ya mtu huyu.

Alisoma shule ya bweni ya Bootham katika mji wa York, kisha chuo cha sayansi cha Newcastle, na mwisho King's College huko Cambridge, alikomaliza mwaka wa 1903. Baada ya hapo alihamahama katika kazi mbalimbali, na mtu angeweza kudhani kuwa ni kijana asiyejua anachokitaka. Lakini kazi moja ndogo ilimpa chombo alichokitumia maisha yake yote. Katika miaka ya 1906 na 1907 aliajiriwa na kampuni iliyochimba udongo mweusi wa kinamasi, ule ambao watu wa Ulaya huukausha na kuuchoma kama kuni. Swali lilikuwa hili: mitaro ichimbwe namna gani ili maji yatoke upesi? Kanuni za mwendo wa maji zilijulikana, ila hesabu zake zilikuwa ngumu mno, na kwa umbo la shamba halisi hakuna aliyeweza kupata jibu kamili.

Richardson akaona kuwa si lazima kupata jibu kamili. Akaligawa eneo katika miraba midogo midogo, akaandika tarakimu moja kwa kila pahali, kisha akazirekebisha tarakimu hizo kwa kuangalia za jirani zake, tena na tena, mpaka zikatulia. Hesabu ngumu isiyofanyika ikageuka kuwa hesabu rahisi nyingi sana, za kujumlisha na kutoa, ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzifanya. Na kweli aliwapa vijana wazifanye! Alipoandika juu ya nguvu zinazosukuma ukuta wa bwawa la mawe, katika makala aliyoyapeleka kwa wataalamu mwaka wa 1910, alieleza kuwa aliwalipa vijana kwa kadiri ya kazi waliyoifanya. Mmoja wa wale waliokuwa wepesi aliweza kufanya hesabu 2000 kwa juma, na zilizokosewa hazikuhesabiwa. Akaongeza kuwa taabu yao kubwa ilikuwa kuchanganya alama za kujumlisha na kutoa. Nadhani hakuna darasa katika shule hii linaloweza kuwacheka vijana wale.

Mwaka wa 1909 alimwoa Bibi Dorothy Garnett. Hawakujaliwa kuzaa, wakawalea watoto watatu kama wao wenyewe.

Mwaka wa 1913 alipata kazi katika Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, akawa msimamizi wa kituo cha Eskdalemuir, mahali pa upweke katika vilima vya Uskochi. Hapo ndipo alipoanza kuandika kitabu chake kikubwa. Wakati ule watabiri wa hali ya hewa walikuwa wakitazama ramani ya leo, wakatafuta ramani ya zamani iliyofanana nayo, wakasema kuwa yaliyofuata zamani yatafuata tena. Richardson hakuridhika. Alijua kuwa hewa ni kitu kama vitu vingine, hutii kanuni za mwendo na za joto, na mtaalamu wa Norway, Bwana Vilhelm Bjerknes, alikwisha kusema kuwa mwenye kuijua hali ya hewa ya sasa na kanuni zake angeweza kuipata ya kesho. Kilichokosekana ni njia ya kuifanya hesabu yenyewe. Njia ile ya miraba ya kinamasi, ambayo Richardson alikuwa nayo tayari, ilifaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imekwisha kupamba moto, dhamiri yake haikumruhusu kupigana, wala hakuweza kukaa salama Uskochi wakati wengine wanakufa. Mwaka wa 1916 aliacha kazi yake akajiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Marafiki, akapelekwa Ufaransa. Alikaa huko mpaka mwaka wa 1919, akiendesha gari la majeruhi nyuma ya jeshi la Kifaransa. Baada ya vita watu waliokataa kushika silaha hawakupendwa katika vyuo vikuu vya Uingereza, na mtu mwenye akili kama yake hakupata kamwe kazi ya kufundisha katika chuo kikuu.

Siku za mapumziko, katika kambi yenye baridi, meza yake ikiwa rundo la nyasi kavu, Richardson alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alitabiri hali ya hewa kwa hesabu tupu. Alichagua siku iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, kwa sababu siku ile vipimo vingi vilichukuliwa kwa mabaluni juu ya Ulaya. Aliigawa nchi kama ubao wa drafti. Katika miraba ya rangi moja aliandika mgandamizo wa hewa, na katika ile ya rangi nyingine mwendo wa upepo. Kwenda juu, hewa aliigawa katika tabaka tano. Kisha akapiga hesabu ya mabadiliko ya saa 6 tu, na kwa mahali pawili tu katikati ya Ujerumani. Kutengeneza fomu za hesabu na kuifanya hesabu yenyewe kulimchukua karibu majuma sita.

Jibu lilikuwa baya kabisa. Hesabu ilisema kwamba mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145 katika saa 6. Hata tufani kubwa haileti badiliko kama hilo, na siku yenyewe kipimahewa hakikusogea ila kidogo sana. Kana kwamba hayo hayatoshi, mnamo Aprili 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, maandishi yake yalipelekwa nyuma ya mstari wa vita yakapotea. Yalipatikana baada ya miezi mingi huko Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe.

Mtu mwingine angeyaacha hapo hapo chini ya makaa. Yeye aliyasafisha, na mwaka wa 1922 yakachapishwa Cambridge kwa jina la Weather Prediction by Numerical Process, pamoja na ile hesabu iliyoshindikana, tarakimu kwa tarakimu, ili kila mtu aone. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Kama angeificha, waliokuja nyuma yake wasingejua mahali pa kuanzia. Leo sababu ya kosa inajulikana. Vipimo vya upepo na vya mgandamizo wa asubuhi ile havikupatana vizuri, na katika hesabu vikazaa mawimbi ya haraka yasiyokuwa na maana kwa hali ya hewa. Ni kama mtu aliyesimama ufukoni, akaona wimbi moja linapanda ghafla, akakadiria kuwa kufika jioni bahari itafunika vilele vya minazi. Mtaalamu Peter Lynch wa Ireland aliirudia hesabu hiyo kwa kompyuta, akavisawazisha kwanza vile vipimo vya mwanzo, na jibu likatoka badiliko dogo la kuaminika. Njia ya Richardson ilikuwa sahihi.

Sasa nafika kwenye sehemu ya kitabu inayopendwa na watu wa kompyuta. Richardson alijiuliza: ikiwa mtu mmoja anatumia majuma sita kwa saa 6 za hali ya hewa, utabiri una faida gani? Mvua itakuwa imenyesha, imekauka, na mahindi yameota. Jibu sahihi likichelewa halina thamani. Basi akapima mzigo wa kazi. Alikadiria kuwa kwa mazoezi mtu angeweza kufanya kazi hiyo mara kumi upesi zaidi. Kila hatua ya hesabu ikiwa ya saa 3, na kila mraba ukiwa na upande wa kilometa 200 hivi, wangetakiwa watu 32 wa kufanya kazi pamoja ili wasiachwe nyuma na hali ya hewa. Dunia nzima ingekuwa na nguzo za hewa 3200, lakini akapunguza zikawa 2000, kwa kuwa alidhani katika nchi za joto hali ya hewa mara nyingi inajulikana mapema. (Nina hakika hajapata kuongea na mkulima wa kwetu aliyengojea masika mpaka mbegu zikaliwa na panya.) Akazidisha 32 kwa 2000, akapata wapiga hesabu 64,000.

Kisha akawajengea nyumba katika mawazo yake. Ni ukumbi mkubwa wa mviringo kama jumba la maonyesho, ila viti vinazunguka pande zote. Kuta zimechorwa ramani ya dunia. Ncha ya kaskazini iko darini, Uingereza iko katika roshani ya juu, nchi za joto ziko chini yake, Australia chini zaidi, na ncha ya kusini sakafuni. Kila mpiga hesabu anakaa katika sehemu ya ramani anayoishughulikia, tena hafanyi hesabu yote ya mahali pake, bali kanuni moja tu au kipande cha kanuni. Kila nchi ina msimamizi wake. Majibu huonyeshwa kwa taa ndogo ndogo, na kila tarakimu huonyeshwa katika kanda tatu zinazopakana, ili jirani wa kaskazini na jirani wa kusini waweze kuisoma bila ya kuinuka.

Katikati ya ukumbi inasimama nguzo ndefu, na juu yake kuna mimbari. Hapo anakaa mkuu wa kazi yote pamoja na wasaidizi wake. Kazi yake mojawapo ni kuhakikisha kuwa dunia nzima inakwenda kwa mwendo mmoja. Nchi inayowatangulia wenzake anaimulikia mwanga wa rangi ya waridi, na inayochelewa anaimulikia mwanga wa buluu. Makarani wakubwa wanne wanakusanya hali ya hewa ya baadaye mara inapopatikana na kuipeleka katika chumba cha utulivu, ambako hutumwa kwenye kituo cha redio. Katika jengo la jirani wamo watafiti wanaojaribu njia mpya kwa kiasi kidogo kabla hazijaingizwa ukumbini. Nje viko viwanja vya michezo, nyumba, milima na maziwa, kwa sababu wanaohesabu hali ya hewa wanastahili kuivuta kwa raha.

Msomaji anaweza kuyaona haya kama ndoto ya mtu aliyechoka na vita. Lakini ukimwuliza leo mtaalamu wa kompyuta zenye prosesa nyingi namna anavyopanga kazi zinazotakiwa kwa saa maalumu, atakueleza mambo yale yale. Kwanza kabisa, kabla hajawasha mtambo, anatengeneza kielelezo cha kazi kwenye karatasi. Anauliza kazi ina vipande vingapi, kila kipande kinachukua muda gani hata siku mbaya, kipande gani lazima kimngoje mwenzake, na saa ya mwisho ni ipi. Akigawa muda wa kazi yote kwa muda alionao, anajua angalau ni prosesa ngapi zinazohitajika, kama Richardson alivyopata 64,000 yake. Asipofanya hivyo atagundua upungufu wakati ndege iko angani au mgonjwa yuko kwenye mashine.

Lakini kugawanya tu si kutosha, na taa zile za waridi na buluu zinaonyesha kwamba Richardson alilijua hilo. Kila mraba unahitaji tarakimu za jirani kabla haujasonga mbele, kwa hiyo anayechelewa huwachelewesha wote. Prosesa 99 zenye mbio zinakaa bure zikimngoja yule wa 100. Sisi wa bweni tunaweza kulielewa jambo hili kwa maharage. Wanafunzi 40 wakikaa kuyachagua, gunia linakwisha upesi. Bali akiwapo mmoja mwenye sinia lililojaa mawe, jiko linamngoja yeye. Tena hata wangekuwa 400, sufuria ni moja na maharage yataiva kwa muda wake. Mmarekani Gene Amdahl alilieleza jambo hili la sufuria mwaka wa 1967. Kama sehemu moja katika kumi ya kazi haigawanyiki, basi hata uongeze prosesa kiasi gani, kazi haiwezi kwenda zaidi ya mara kumi ya mwendo wa kwanza. Kompyuta kubwa zinazotabiri hali ya hewa siku hizi zinaigawa dunia katika vipande, kila prosesa inachukua chake, na zinapelekeana tarakimu za mipakani kama zile taa za ukumbini.

Nirudi katika maisha yake. Alipotoka vitani alirudi katika Idara ya Hali ya Hewa, akafanya kazi mahali paitwapo Benson. Lakini mwaka wa 1920 idara hiyo iliwekwa chini ya Wizara ya Anga, iliyosimamia ndege za vita, naye akajiuzulu. Akaenda kufundisha katika chuo cha ualimu cha Westminster, London, na mwaka wa 1926 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mwanasayansi wa Uingereza. Aliendelea kuchunguza misukosuko ya hewa, na hata leo kipimo kimoja cha elimu hiyo kinaitwa kwa jina lake. Halafu akagundua kuwa waliovutiwa zaidi na uchunguzi wake, namna moshi unavyotawanyika hewani, walikuwa mabingwa wa gesi ya sumu. Mkewe alieleza baadaye kuwa jambo hilo lilimvunja moyo. Aliacha uchunguzi ule na kuharibu yale ambayo hayajachapishwa.

Sijui kama ningeweza kufanya hivyo. Katika darasa letu tulibishana sana: wengine walisema elimu haina kosa, kosa ni la anayeitumia vibaya. Richardson hakubishana. Alisomea elimu ya nafsi, akapata shahada yake mwaka wa 1929 akiwa na umri wa miaka 47, na mwaka huo huo akawa mkuu wa chuo cha ufundi cha Paisley, Uskochi. Mwaka wa 1940 aliacha kazi mapema, ijapokuwa mapato yake yalipungua, ili apate nafasi ya kuchunguza sababu za vita kwa hesabu. Aliandika namna nchi mbili zinavyoongeza silaha kwa kuogopana, na akakusanya habari za magomvi yenye mauaji tangu vita vya dunia mpaka mauaji ya mtu mmoja mmoja. Alipotaka kujua kama nchi zenye mipaka mirefu hupigana zaidi, aliona ajabu: Uhispania na Ureno zilitaja urefu tofauti kwa mpaka wao mmoja, kilometa 987 na kilometa 1214. Akagundua kuwa kadiri fimbo ya kupimia inavyokuwa fupi, ndivyo mpaka unavyozidi kuwa mrefu. Mwaka wa 1967 Bwana Benoit Mandelbrot aliliendeleza wazo hilo likawa tawi jipya la hesabu.

Mwaka wa 1950 Bwana Jule Charney na wenzake huko Marekani waliitumia ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza, kutabiri hali ya hewa kwa kanuni zilizorahisishwa. Utabiri wa saa 24 uliwachukua kiasi cha saa 24, yaani walikwenda sambamba na hali ya hewa bila kuitangulia. Charney alimpelekea Richardson matokeo. Mzee alifurahi, akawapongeza, na kama desturi yake akafanya jaribio. Alimwekea mkewe ramani mbele akamwuliza ipi inafanana zaidi na hali iliyotokea: ile ya siku ya kwanza, au ile iliyotabiriwa na mtambo. Bibi Dorothy akaupa mtambo ushindi mdogo.

Lewis Fry Richardson alifariki tarehe 30 Septemba 1953 katika kijiji cha Kilmun, Uskochi, akiwa na umri wa miaka 71. Vitabu vyake viwili juu ya vita vilichapishwa mwaka wa 1960.